Mlango Ukifunguliwa, Swichi Hufungwa: Saketi ya Taa za Ndani ya Gari na Utata wa Kitenzi "Funga" katika Mafunzo ya Umeme wa Magari

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna taa za ziada zinavyounganishwa na swichi za milango ya gari ili ziwake mlango unapofunguliwa na zizimike unapofungwa. Kazi hii huonekana ndogo, lakini ikikosewa huweza kuunguza nyaya, kuharibu kompyuta ya gari au kumaliza betri usiku mmoja. Makala yanaonesha kwamba makosa ya msingi yana vyanzo viwili. Cha kwanza ni cha kiufundi: katika magari mengi swichi ya mlango hukaa upande wa hasi, kinyume cha ilivyo katika umeme wa nyumbani. Cha pili ni cha kilugha: kitenzi "funga" hubeba maana ya kufunga mlango, kufunga saketi na kufunga kifaa, na maana hizo hugongana katika sentensi moja ya maelekezo. Makala yanaeleza saketi hiyo hatua kwa hatua na kupendekeza mgawanyo wa istilahi unaoweza kupunguza utata huo.

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoingia Tanzania na Kenya hutoka Japani. Mengi ya magari hayo huwa na taa moja au mbili tu za ndani: moja katikati ya dari na pengine nyingine mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Mwanga huo haumtoshi abiria anayetafuta pa kukanyaga usiku, wala dereva wa teksi anayehesabu chenji. Ndiyo sababu mwenye gari hununua tepu ya taa za LED na kumwomba fundi umeme wa magari aifunge chini ya dashibodi, chini ya viti au kwenye milango. Sharti lake huwa moja: taa ziwake zenyewe mlango unapofunguliwa na zizimike unapofungwa.

Ili kulitimiza sharti hilo, fundi hana budi kuushika waya wa swichi ya mlango, na hapo ndipo penye mtego. Mwanagenzi aliyeanza kujifunza umeme kwa kuunganisha taa za nyumbani huja na kanuni moja aliyoisisitiziwa: swichi hukata waya wa moto. Akiipeleka kanuni hiyo kwenye nguzo ya mlango wa gari, hupeleka umeme wa chanya katika swichi ambayo kazi yake ni kugusa bodi. Mlango ukifunguliwa, chanya ya betri hukutana na hasi bila kupitia taa yoyote. Hiyo ni shoti kamili, na kama hakuna fyuzi karibu na betri, waya ndio unaogeuka kuwa fyuzi.

2.0 Saketi ya Asili ya Taa ya Dari

Betri ya gari dogo hutoa volti 12 kwa jina. Ikiwa imejaa na imepumzika husoma karibu volti 12.6, na injini inapounguruma alteneta huipandisha saketi nzima hadi karibu volti 14. Ncha ya hasi ya betri imeunganishwa na bodi ya gari kwa waya mnene. Kwa hiyo, chuma chote cha bodi ni njia ya kurudishia mkondo, na kifaa chochote kinahitaji waya mmoja tu wa kukiletea umeme.

Katika muundo uliozoeleka kwenye magari ya Japani ya miaka ya nyuma, mkondo wa taa ya dari hufuata njia ifuatayo. Hutoka kwenye chanya ya betri, hupita katika fyuzi ambayo mara nyingi huandikwa DOME au ROOM, na hufika kwenye balbu. Umeme huo haukatiki hata ufunguo ukichomolewa. Kutoka upande wa pili wa balbu, waya mwingine hushuka kupitia nguzo ya gari hadi kwenye swichi ya mlango. Swichi hiyo ni kitufe chenye springi kilichofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mlango, na skrubu hiyo ndiyo inayoiunganisha na bodi. Mlango ukiwa umefungwa, hukibana kitufe na kutenganisha viguso vya ndani. Mlango ukifunguliwa, springi hukisukuma kitufe nje, viguso hugusana, waya wa balbu hupata bodi, na taa huwaka.

Ikumbukwe kwamba taa yenyewe huwa na swichi ndogo ya nafasi tatu: kuzima kabisa, kuwaka wakati wote, na kufuata mlango. Mteja anayelalamika kwamba taa ya dari haiwaki akifungua mlango huenda hana hitilafu yoyote ila nafasi ya swichi hiyo.

3.0 Sababu ya Swichi Kuwekwa Upande wa Hasi

Nyumbani, ambako volteji ni 230, swichi huwekwa kwenye waya wa moto ili mtu anayebadilisha balbu asiguse umeme. Hoja hiyo ni ya kuokoa uhai. Katika gari, volti 12 kwa kawaida hazimdhuru mtu anayezigusa kwa ngozi kavu. Hatari yake kubwa ni joto na moto. Kwa hiyo msanifu wa gari huongozwa na hoja nyingine.

Kwanza, swichi inayogusa bodi inahitaji waya mmoja tu, kwa kuwa skrubu inayoishikilia ni njia ya pili. Pili, na hili ni muhimu zaidi, waya unaopita katika nguzo na kingo za chuma huweza kuchubuka. Katika saketi yenye swichi upande wa hasi, waya wa kati ya balbu na swichi ukichubuka na kugusa bodi, taa huwaka na kukataa kuzimika, basi. Mkondo bado unapita katika balbu, na balbu hiyo hiyo ndiyo inayouzuia usizidi. Waya huo huo ungekuwa wa chanya, kuchubuka kwake kungeleta shoti. Hivyo basi, taa ya ndani isiyozimika ni dalili ya kuangalia waya wa nguzoni kabla ya kubadilisha swichi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba magari yote yamefuata mpango huu. Yapo ambayo swichi ya mlango hupitisha chanya, na yapo mapya ambamo swichi haiwashi taa moja kwa moja bali huipa habari kompyuta ya bodi. Fundi hapaswi kukisia; anapaswa kupima.

4.0 Utata wa Kitenzi "Funga"

Katika lugha ya fizikia, saketi hufungwa ili mkondo upite, na ikifunguliwa mkondo hukatika. Taswira iliyopo nyuma ya istilahi hii ni ya duara: duara lililofungwa halina pengo. Lakini katika Kiswahili cha kila siku taswira inayotawala ni ya bomba. Anayefunga bomba huzuia maji, na anayelifungua huyaruhusu. Baadhi ya wasemaji huipeleka taswira hiyo hadi kwenye umeme na kusema "fungua redio" wakimaanisha iwashwe. Kwa hiyo, mwanafunzi anayesikia "swichi imefungwa" ana haki ya kuelewa kwamba umeme umezuiwa, ilhali mwalimu amemaanisha kinyume chake.

Katika saketi ya taa za nyumbani utata huu huweza kupita bila madhara. Katika swichi ya mlango hauwezi, kwa sababu mlango wenyewe nao hufunguliwa na kufungwa, na hali za vitu hivyo viwili ni kinyume. Mlango ukifunguliwa, swichi hufungwa. Mlango ukifungwa, swichi hufunguliwa. Maana ya tatu huongezwa na lugha ya gereji, ambamo "kufunga taa" ni kuiweka mahali pake na kuikaza. Chukua maelekezo haya: "Funga taa, kisha funga swichi uone kama inawaka." Anayesikiliza anaweza kuikaza swichi kwa skrubu, akaubana mlango, au akaviunganisha viguso. Matendo ni matatu, na ni moja tu linalowasha taa.

Istilahi "ethi" nayo ina kasoro inayofanana. Neno hilo limetokana na waya unaokwenda ardhini, ilhali gari limesimama juu ya matairi ya mpira na saketi yake haihitaji ardhi. Neno "bodi", ambalo mafundi hulitumia, linaeleza ukweli vizuri zaidi: mkondo hurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari.

Makala haya yanapendekeza mgawanyo ufuatao. Vitenzi "fungua" na "funga" viachiwe mlango. Hali ya swichi ielezwe kwa "unganisha" na "kata": swichi imeunganisha, swichi imekata. Tendo la kuweka kifaa liitwe "pachika" katika maandishi ya mafunzo, hata kama gereji itaendelea kusema "funga". Kitenzi "kata" kina utata wake, kwani waya nao hukatwa kwa koleo, lakini yambwa huutatua: kukata waya si kukata umeme. Kwa mgawanyo huo, kanuni nzima husomeka bila mgongano: mlango ukifunguliwa, swichi huunganisha, mlango ukifungwa, swichi hukata. Istilahi hizo ndizo zitakazotumika katika sehemu zinazofuata.

5.0 Kupima Kabla ya Kuunganisha

Upimaji hufanywa kwa malitimita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Kifuniko cha taa ya dari huondolewa, balbu huachwa mahali pake, na swichi ya taa huwekwa kwenye nafasi ya kufuata mlango. Kiguso cheusi cha malitimita hushikizwa kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi, na chekundu huguswa kwenye kila waya wa taa, mlango ukiwa umefunguliwa na kisha ukiwa umefungwa.

Waya unaosoma karibu volti 12 katika hali zote mbili ni wa chanya ya kudumu. Ikiwa waya wa pili unasoma karibu 0 mlango ukiwa wazi na karibu 12 mlango ukiwa umefungwa, swichi iko upande wa hasi. Usomaji huu humshangaza anayejifunza, kwa sababu volti huonekana wakati taa imezimika. Sababu yake ni kwamba swichi ikikata, hakuna mkondo unaopita katika balbu, hivyo balbu haipotezi volti yoyote na pande zake zote mbili husoma sawa na chanya. Kinyume chake, ikiwa kuna waya unaosoma 12 mlango ukiwa wazi na 0 ukiwa umefungwa, huku upande mwingine wa balbu ukisoma 0 wakati wote, swichi iko upande wa chanya.

Kipimo cha pili hufanywa kwenye waya wa swichi ya mlango wenyewe. Ukisoma volti 5, au thamani nyingine iliyo chini ya ile ya betri, mlango ukiwa umefungwa, hiyo ni dalili kwamba waya huo ni wa kupeleka habari kwa kompyuta. Waya wa namna hiyo haupaswi kubebeshwa taa.

6.0 Mzigo wa Taa Mpya na Matumizi ya Rilei

Swichi ya mlango imebuniwa kwa ajili ya balbu chache za wati 5 hadi 10. Balbu ya wati 5 huvuta karibu ampea 0.42 kwa volti 12. Tepu za LED hutofautiana sana: zipo zinazotumia wati 4.8 kwa mita na zipo zinazotumia wati 14.4 kwa mita. Fundi akipachika vipande vinne vya nusu mita vya aina ya pili, jumla ni mita 2, yaani wati 28.8, na mkondo wake ni ampea 2.4.

Hesabu hiyo ni ya volti 12. Katika tepu hizo, LED tatu na kikinzani huwekwa kwa mfuatano, ndiyo maana hukatwa kila baada ya LED tatu. Kila LED nyeupe huhitaji takribani volti 3.2, hivyo tatu huchukua 9.6 na kikinzani hubakiwa na 2.4. Injini ikiwashwa na volteji ikafika 14.4, kikinzani hubakiwa na karibu 4.8. Kwa kuwa LED hubadilisha volti zake kidogo tu, mkondo unaweza kukaribia kuwa maradufu. Mafundi wanaochagua fyuzi na waya kwa kutazama wati zilizoandikwa kwenye boksi huisahau tofauti hiyo.

Rilei ndiyo suluhisho la mzigo wa namna hii. Ni swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme: mkondo mdogo unaopita katika koili huvuta viguso vinavyobeba mkondo mkubwa. Koili yenye ukinzani wa omu 80 huvuta ampea 0.15 tu, mzigo ambao kitufe cha mlango cha kawaida hukibeba bila taabu. Namba za vituo vya rilei ya gari hufuata kawaida ya Kijerumani ya DIN 72552, na kwa saketi yenye swichi upande wa hasi huunganishwa hivi: kituo 86 hupokea chanya ya kudumu iliyopita katika fyuzi, kituo 85 huenda kwenye waya wa swichi ya mlango, kituo 30 hupokea chanya hiyo hiyo ya kudumu, na kituo 87 huenda kwenye chanya ya taa. Hasi ya taa huenda kwenye bodi.

Koili inapokatiwa umeme huzalisha mpigo wa volteji kubwa. Dayodi iliyowekwa sambamba na koili, upande wake wenye mstari ukiwa kwenye 86, huumeza mpigo huo na kuvilinda viguso vya swichi pamoja na vifaa vya kielektroniki vilivyo jirani.

Fyuzi huwekwa karibu na mahali umeme unapochukuliwa, si karibu na taa, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya. Sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Kwa mfano uliotolewa, fyuzi ya ampea 7.5 na waya usiopungua milimita mraba 1 hutosha.

7.0 Milango Minne na Dayodi za Kutenganisha

Mteja hutaka taa ziwake kwa mlango wowote. Njia ya mkato ni kuzifunga pamoja nyaya za swichi zote nne na kuzipeleka kwenye kituo 85. Taa zitawaka, lakini swichi za milango zitakuwa zimegeuzwa kuwa swichi moja. Gari linalotofautisha mlango wa dereva na mingine, kwa mfano ili kulia dereva anapoacha ufunguo, litadhani kila mlango ni wa dereva.

Dayodi hutatua tatizo hilo kwa kuwa hupitisha mkondo upande mmoja tu. Kila waya wa mlango hupewa dayodi yake: upande wenye mstari huelekea kwenye swichi ya mlango, na pande zisizo na mstari hukutana kwenye kituo 85. Mlango mmoja ukifunguliwa, mkondo hutoka kwenye koili, hupita katika dayodi ya mlango huo na kuingia kwenye bodi. Nyaya za milango mingine haziwezi kuvutwa chini, kwa sababu mkondo wake ungelazimika kupita kinyumenyume katika dayodi zake. Dayodi ya silikoni hupoteza takribani volti 0.7, kiasi kisichoizuia rilei kufanya kazi.

8.0 Magari Yenye Kompyuta ya Bodi

Katika magari mapya zaidi, swichi imehamia ndani ya kitasa cha mlango na imekuwa ndogo sana. Kompyuta huisoma, kisha yenyewe huwasha taa ya dari, huififisha polepole mlango unapofungwa, na huizima baada ya muda fulani hata kama mlango umesahauliwa wazi. LED zikiunganishwa moja kwa moja kwenye waya wa habari, huweza kung'aa hafifu milango ikiwa imefungwa, kwa sababu mkondo mdogo huvuja kupitia kwenye kompyuta. Mzigo mkubwa zaidi huweza kuiharibu.

Mahali salama zaidi pa kuchukulia amri ni kwenye waya wa taa ya dari yenyewe, yaani ule ambao kompyuta huudhibiti. Faida yake ni kwamba taa mpya hurithi pia uzimaji wa kulinda betri. Lakini ufififishaji hufanywa kwa kukata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa, na rilei ya kawaida hutetema na kuchakaa ikipewa amri ya namna hiyo. Katika hali hiyo hutumika kifaa cha transista badala ya rilei, au mzigo wa LED hupunguzwa hadi usizidi ule wa balbu ya asili iliyoondolewa.

Umuhimu wa uzimaji huo huonekana kwa hesabu. Betri ya ampea-saa 45 ikibebeshwa ampea 2.4 hupoteza nusu ya akiba yake kwa zaidi kidogo ya saa 9. Mlango ambao haukubanwa vizuri saa tatu usiku unatosha kulifanya gari lisiwake alfajiri.

9.0 Tahadhari za Kazi

Kabla ya kugusa waya wowote, ncha ya hasi ya betri hutolewa kwanza. Mpangilio huu si desturi tupu. Spana inayofungua ncha ya hasi ikigusa bodi haileti madhara, kwa kuwa vyote viwili tayari vimeungana. Inayofungua ncha ya chanya ikigusa bodi huleta shoti.

Aidha, katika magari mengi nguzo na kingo za dari huficha mifuko ya hewa ya pembeni. Nyaya zake kwa kawaida hutambulishwa kwa rangi ya manjano. Nyaya hizo hazipimwi, hazikatwi wala hazitumiwi kushikizia waya mpya, na waya mpya haupitishwi mbele ya mfuko, mahali ambapo ungeuzuia kufunguka.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kuunganisha taa za ziada na swichi za milango kunahitaji kujibiwa kwa maswali matatu kwa mpangilio: swichi iko upande gani wa saketi, inaweza kubeba mzigo gani, na ni nani mwingine anayeisoma. Swali la kwanza hujibiwa kwa malitimita, la pili kwa hesabu na rilei, na la tatu kwa dayodi au kwa kuichukua amri kwenye taa ya dari.

Kwa upande wa lugha, imebainika kwamba istilahi inayofaa katika kitabu cha fizikia huweza kupotosha mahali pa kazi, pale inapokutana na maana kongwe zaidi ya neno lile lile. Mwanagenzi anayeambiwa "funga swichi" na akaubana mlango hajakosa akili. Ameufuata utaratibu wa lugha yake. Uundaji wa istilahi za ufundi kwa Kiswahili haupaswi kuishia kwenye kupata kisawe cha neno la kigeni. Kila istilahi ijaribiwe ndani ya maelekezo kamili ya kazi, mikononi mwa mtu anayeyatekeleza, kabla haijapewa nafasi katika kitabu cha mafunzo.